Ndama wa Chini ya Mstari

Goma, tarehe 7 Oktoba 1956

Mke wangu mpenzi Annonciata,

Barua hii ataileta Kakule, ambaye lori lake linapanda huko kuchukua pareto. Anakuletea pia chumvi, sabuni mbili na kitambaa cha mama. Usipokiona kitambaa, muulize vizuri, maana Kakule huwa anasahau vitu mpaka aulizwe.

Hapa niko mzima, mzima wa mwili. Chumba changu cha cité, huku mtaani kwetu wafanyakazi, kina kitanda, meza na msumari wa kutundikia koti. Nikitoka kazini kule biro hakuna hata mtu wa kuniuliza kwa nini nimechelewa. Jana nilipika dagaa, na nilipokuwa ninapakua nikaona nimepika za watu wawili. Nilikula zote nikaumwa tumbo. Ucheke tu.

Kazini kuna jambo jipya. Bwana Julien, mkubwa wetu wa hesabu, ameanza kunifundisha bilan, ile karatasi ya mwisho wa mwaka inayoonyesha kampani ina nini na inadaiwa nini. Nilidhani ninaijua. Mali upande huu, madeni upande ule, jumla, mstari, imekwisha. Kumbe chini ya mstari kuna maneno mengine. Mwaka jana niliyapiga kwa mashini bila kuyaelewa, kama tulivyokuwa tunaimba Kilatini pale misioni.

Alinieleza hivi. Kahawa ikiingia ghalani na mwenye shamba hajalipwa, hilo ni deni, linaandikwa juu ya mstari na kuhesabiwa. Lakini kampani imetia sahihi kununua lori Ulaya. Lori bado liko baharini, leo hakuna anayedai, ila likifika ni lazima kulipa. Hiyo ni ahadi. Halafu kuna mambo ya "ikiwa". Lori letu moja lilianguka kule Sake likabomoa nyumba ya mtu, na tribinali bado haijakata shauri. Ikiwa tutashindwa, tutalipa. Ikiwa tutashinda, hakuna kitu. Ahadi na ikiwa zote zinakaa chini ya mstari, nje ya jumla.

Nikamwambia Bwana Julien kwamba hata sisi tuna kitu cha namna hiyo. Nilipokuoa nilimpa baba yako ng'ombe, Gaju. Siku Gaju akizaa jike, baba yako atatuita, tutakwenda sisi wawili na pombe, na yule jike atakuja nyumbani kwetu. Ndiyo indongoranyo yetu. Akaniuliza, "Na akizaa dume?" Nikasema dume anabaki, tunangoja mimba nyingine. "Na ng'ombe mwenyewe akifa?" Nikasema hapo hakuna ndama. Akacheka, akasema, "Basi ndama wako yuko chini ya mstari, Onésime. Bado si deni la mtu." Nilifurahi sana. Ndiyo mara ya kwanza karatasi ile ilinifungukia.

Sasa habari kubwa. Anasema bilan ikienda vizuri, kampani itanipa nyumba moja ya matofali, zile za makarani wenye wake. Vyumba viwili, na jiko nyuma. Hapo utakuja, na dagaa za watu wawili zitapata watu wawili.

Noeli nitakuja nyumbani. Nisalimie mama.

Mume wako,
Onésime


Nyamitaba, tarehe 19 Oktoba 1956

Bwana wangu,

Chumvi imefika, sabuni zimefika. Kitambaa kilikuwa chini ya kiti cha Kakule, na alivyoulizwa alishangaa kuliko mimi. Mama yako Nyirakamana anakifunga hata akienda kulima, eti udongo nao uone.

Mimi niko. Mama analala kuku wanapolala, na baada ya hapo ninabaki na moto. Siku hizi ninaongea na chungu. Kiti chako nimekigeuza kitazame ukuta, maana kikitazama moto kinaniudhi. Tangu Pasaka hujakikalia. Majirani wananiuliza habari zako nami ninawasomea barua zako, nikiruka mahali pa kuruka. Wakiondoka ninasoma nilipoparuka.

Gaju ana mimba, na Papa anasema atazaa karibu na Noeli. Ninakuambia kitu ambacho yeye hatakuambia. Ule ugonjwa wa mwaka jana ulimmalizia zizi lake. Wamebaki Gaju na wawili wazee wasiozaa tena. Unakumbuka tulivyokuwa tunashindwa kusikilizana jioni kwa sababu ya milio ya ng'ombe wake? Sasa ni kimya. Kila asubuhi anakwenda kumshika Gaju tumbo, na mgeni akipita anamwita: "Kuja uone, mukwe wangu iko na mutoto wa ngombe humu ndani." Mtama wa pombe amekwisha kuuweka pembeni. Amerudi kuwa mtu anayengojewa na kitu.

Nimesoma somo lako la bilan. Nimelielewa, usifikiri masista walinifundisha kushona tu. Ila nina maswali mawili. La kwanza: mimi niko wapi, juu ya mstari au chini? La pili: umeandika kwamba utapewa nyumba bilan "ikienda vizuri". Hiyo ni ahadi, au ni yale mambo mengine? Nimekisoma mara nyingi kile kipande cha neno.

Njoo Noeli. Tutakwenda kwa Papa pamoja.

Annonciata


Goma, tarehe 4 Novemba 1956

Mke wangu mpenzi,

Wewe uko juu kabisa, mstari wa kwanza, upande wa mali. Na juu ya nyumba usiwe na wasiwasi, Bwana Julien si mtu wa maneno matupu.

Mvua inanyesha hapa kila siku na vumbi jeusi la mlima wa moto limekuwa tope jeusi. Jumapili nilitembea peke yangu njia ya Sake mpaka kwenye ziwa dogo la Lac Vert. Niliketi juu ya jiwe nikawaangalia watu na wake zao wakipita na mizigo ya ndizi, wanagombana njia nzima. Nilitamani hata kugombana.

Habari ya zizi la Papa imenichoma. Mzee yule, na jina lake lote katika mlima ule, anabaki na ng'ombe mmoja wa kuzaa, halafu huyo mmoja azae kwa ajili yetu? Sisi tuna mshahara. Nimepata wazo la kumpunguzia mzigo, na nimemwandikia yeye mwenyewe leo. Usimwambie kitu, ninataka afurahi mwenyewe barua ikisomwa.

Onésime


Goma, tarehe 4 Novemba 1956

Kwa Papa mkwe wangu, muzee Nsanzimana,

Ninakusalimu kwa heshima, wewe na mama na shemeji yangu Viateur. Ninatumaini barua hii itawakuta salama.

Papa, nimesikia hasara iliyoingia zizini mwako mwaka jana, nami nimehuzunika. Ndiyo maana ninakuandikia juu ya ndama tunayemngojea. Hapa kazini nimejifunza kwamba jambo ambalo bado halijatokea, na linaloweza kutotokea kabisa, si deni. Gaju bado hajazaa. Anaweza kuzaa dume, na anaweza kupatwa na ugonjwa. Kwa hiyo hakuna mtu anayekudai, Papa, na mimi kuliko watu wote sikudai. Ile ahadi ninakufutia. Gaju na uzao wake wote wabaki kwako, zizi lako lijae tena. Pombe usijisumbue kuitengeneza.

Ninakuomba uipokee hii kama zawadi ya mtoto wako.

Onésime, karani


Nyamitaba, tarehe 24 Novemba 1956

Onésime,

Ni miye Nsanzimana nasema, katekista Léopold njo anaandika. Nimemuambia asitengeneze maneno yangu.

Barua yako ilifika. Nilifikiri ni habari ya siku utakuja na bibi yako kuchukua mutoto wa ngombe, kwa hiyo niliita majirani basikilize. Léopold aliisoma mbele yabo. Bote balisikia.

Unasema unanifutia. Unanifutia nini? Ni miye nilikuomba? Siku ulileta Gaju, nilisema mbele ya bababa yako: akizaa jike, atarudia kwenu. Balipiga mikono. Ile neno haikukuwa ya kuhesabu. Ilikuwa ya kusema mutoto wangu iko na nyumba, na miye niko na njia ya kufika ku ile nyumba. Sasa mukwe ananiambia niache, hata pombe nisitengeneze. Hapa kwetu mwanaume anakataa ule mutoto wa ngombe siku amemukataa bibi. Sijui kwenu Goma.

Pengine umepata bibi wa cité. Pengine umesikia zizi yangu imebakia wazi, ukanihurumia. Ya pili inaniumiza kupita ya kwanza.

Leo asubui Viateur amepeleka Gaju kwa mama yako. Umerudishiwa mahari. Annonciata iko hapa kwangu. Alilia, lakini alikuja.

Hakuna kitu unanidai, na miye sikudai.

Nsanzimana


Goma, tarehe 5 Desemba 1956

Annonciata, Annonciata,

Barua ya Papa imenifikia jana, na tangu jana sijui ninafanya nini. Nimekosea kupiga karatasi moja ile ile mpaka Bwana Julien akaniuliza kama nina homa.

Hakuna mwanamke wa cité. Hakuna mtu hapa, hakuna! Nilitaka kumsaidia. Mwambie hivyo, wewe anakusikiliza. Mwambie nilikuwa ninafuata sheria ya vitabu, kwamba lisilotokea si deni, na kwamba sikukukataa wewe hata kidogo. Msomee barua zangu zote kama ni lazima, hata mahali pale pa kuruka.

Ningekuja leo. Lakini bilan inafungwa mwisho wa mwezi huu, na mkurugenzi amesema hakuna karani atakayetoka kabla ya hapo, hata Noeli. Nikiondoka sasa, nyumba ya matofali imepotea, na pengine kazi. Kazi ikiisha nitakuja mara moja, katikati ya Januari. Nitaleta nguo ya Papa, na nitamwandikia barua ya kuomba msamaha, nzuri kuliko ile. Ningoje. Ni majuma machache tu.

Usiku na mchana wako,
Onésime


Nyamitaba, tarehe 12 Desemba 1956

Onésime,

Mimi siyo mtu wa kukupelekea maneno yako kwa Papa. Nimejaribu mara moja, akaniambia nikachote maji.

Sikiliza. Mwaka mzima watu wamempita baba yangu na kumwonea huruma, wakisalimu haraka haraka kama kwenye msiba. Kitu kimoja kilikuwa kinawasimamisha: mukwe wake wa Goma, na ndama anayemtolea. Mtu mwenye kitu cha kutoa bado ni mtu mzima. Wewe umekuja na kalamu ukakiondoa, mbele ya majirani, halafu ukaandika "karani" chini yake. Najua ulikuwa unampenda. Ndiyo maana nina hasira hivi, ningejua humpendi ningelala.

Eti deni lisilotokea si deni. Sawa. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia kwamba yale ya chini ya mstari yanaandikwa. Kama si kitu, mbona kampani inayaandika? Kwa nini wasiache karatasi nyeupe?

Mimi ninalala katika kitanda changu cha usichana. Mama ananipakulia chakula kidogo kama mgonjwa. Nyumba yetu ninaiona ng'ambo ya bonde, na asubuhi moshi unatoka jikoni kwa mama yako tu, kwetu hautoki. Gaju naye ninamsikia. Hajazoea kule, analia akitazama huku. Papa akimsikia anatoka nje, anajifanya kutengeneza ua.

Sasa jambo lenyewe, ulisome polepole. Gaju anazaa juma lijalo au lile linalofuata. Akizaa akiwa zizini kwa Papa, Papa bado ana kitu cha kutupa. Akizaa kwa mama yako, akanyonyesha na kulala kule, basi ni ng'ombe wako na ndama wako, Papa hajampa mtu kitu, nasi hatuna lolote lililobaki kati yetu. Viateur anasema wazee wa ukoo wamekwisha kusema hivyo. Katikati ya Januari utakuta nimekwisha kuwa binti wa Nsanzimana tena, na kuna watu watakuja kunichumbia.

Barua hazitafaa kitu. Papa amechoka na karatasi. Umrudishe Gaju wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mchana, watu wakiona. Kama nyumba ya matofali ni kubwa kuliko hiyo, baki uandike.

Kiti sikukigeuza tena. Kimebaki kule kikitazama ukuta.

Annonciata


Goma, tarehe 17 Desemba 1956

Bwana Julien,

Unasoma Kiswahili vizuri kuliko wazungu wote wa biro, kwa hiyo ninaandika kwa Kiswahili nisikosee.

Ninaondoka asubuhi hii na lori la Kakule. Niliomba ruhusa kwa mkurugenzi mara mbili, akakataa. Kurasa za madeni zimekwisha, ziko ndani ya jalada la kijani. Ukurasa wa chini ya mstari haujapigwa, ila nimekwisha kuuandika kwa kalamu, na shauri la Sake nimeliweka. Nyumba ya matofali sikuikuta popote, si kwenye ahadi wala kwenye ikiwa. Nilitafuta.

Yule ndama niliyekuambia nilimfuta. Ninakwenda kuona kama bado anaweza kuandikwa.

Nisamehe kwa kazi.
Onésime


Goma, tarehe 9 Januari 1957

Onésime,

Ninakutumia barua hii chumbani kwako kwa sababu mkurugenzi hataki uonekane biro. Nafasi yako amepewa mwingine, na nyumba pia. Nilisema neno, halikusikilizwa. Kwamba kampani haikuwa imeandika ahadi hiyo popote ni kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kukuambia.

Nilikufundisha nusu. Nilikuambia kwamba mambo ya chini ya mstari si deni, sikukuambia kwa nini tunayaandika. Tunayaandika ili msomaji ajue tumejifunga na nani. Kampani inayoficha kurasa hizo inaonekana tajiri, lakini hakuna anayejua ni ya nani.

Bunagana, mpakani, kuna ghala la kahawa linalotafuta mtu wa kupima mizigo na kuandika karatasi za forodha. Mshahara ni mdogo. Mwenye ghala ninamfahamu. Mpelekee barua ya pili iliyo humu ndani.

Mimi pia nilimwambia mke wangu kule Liège angoje bilan moja. Mwaka huu nimefunga ya tisa.

Julien


Nyamitaba, tarehe 16 Januari 1957

Bwana wangu,

Uliondoka jioni ile ile kulifuata lori, uiwahi bilan, hata hatukusemezana, kwa hiyo ninakueleza yale ambayo hukuyaona.

Tulikusikia kabla ya kukuona, kwa sababu ya majirani. Walikuwa wanacheka njia nzima. Karani wa Goma na viatu vyake vya biro, tope mpaka magotini, nyuma anavuta Gaju, begani amebeba ndama ambaye hata hajakauka vizuri! Niliposikia kwamba Gaju amezaa asubuhi ile, kwa mama yako, nilijua tumechelewa. Nilikaa chini nyuma ya ua wa jiko, na yote yaliyofuata niliyatazama kupitia matete.

Papa hakuinuka. Ulisema, "Papa, nimekuja kuomba ndama wangu." Akakuangalia bega. "Si huyo unamubeba?" Watu wakacheka, nami nikaziba macho. Ndipo uliposema, "Huyu ni dume. Mama yake ni wako, kwa hiyo yeye ni wako. Mimi ninaomba jike, kama ulivyoniahidi mbele ya baba zangu." Papa akasema, "Ule hajazaliwa." Ukasema utangoja. "Anaweza kukosa kuzaliwa, njo uliniandikia." Ukasema, "Nitangoja vilevile. Ninakudai, Papa."

Onésime, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia baba yangu neno hilo mwaka mzima. Ulisikia alivyomwambia Viateur afungue zizi. Lakini hukuona baadaye. Ulipokwisha kushuka bondeni aliingia zizini akakaa na Gaju mpaka giza, na alipotoka alimwambia mama kwa sauti ya zamani, ile ya kugombana na ng'ombe wengi: "Ule kijana ananidai! Mutama uko wapi?" Mama alilia jikoni, akasema ni moshi.

Siku iliyofuata Noeli nilivuka bonde na vitu vyangu. Hakuna aliyenituma wala kunizuia. Papa alinisindikiza mpaka kwenye kijito akarudi. Nimewasha moto kwetu. Kiti nimekigeuza.

Kakule ameniambia habari za kazi na za nyumba. Sijui niseme nini. Nilikuambia ubaki uandike kama nyumba ni kubwa, na ulipoondoka sikukuambia hata asante. Sasa uko chumbani peke yako na hata kazi ya kukuchosha hakuna, na mimi niko hapa peke yangu. Usifikiri sijui ulilipa nini.

Annonciata wako


Bunagana, tarehe 22 Septemba 1957

Annonciata,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana, kwa sababu nilitaka isiwe na kitu cha kusubiri ndani yake. Sasa iko tayari.

Miezi ya kwanza hapa nilikaa nyuma ya ghala, na magunia. Magari yanatoka Uganda, yanaingia Uganda, ninapima, ninaandika, yanakwenda. Watu wote hapa wanapita tu. Nilijifunza majina ya madereva ili niwe na mtu wa kumwita kwa jina. Jioni nilikuwa ninafunga mlango mapema, si kwa usingizi, ila kwa sababu hata ukiwa wazi haukunisaidia.

Sasa kuna nyumba. Ya miti na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja na kipande. Kodi nimelipa. Niliikandika mwenyewe, na upande wa jiko umepinda kidogo, utaniambia. Vitanda viwili sikununua. Si ya kampani wala ya bilan. Nimesoma tena barua yangu hii tangu juu, na sikuona "ikiwa" mahali popote.

Muombe Papa ruhusa. Mavuno ya mama yakiisha, njoo.

Onésime


Nyamitaba, tarehe 28 Desemba 1957

Mukwe wangu Onésime,

Ni Nsanzimana. Léopold iko anaandika tena, na tena nimemuambia asitengeneze.

Bibi yako atapanda lori ya Kakule siku ya mbili ya Januari. Viateur atamufikisha mpaka Goma na atamutia ku lori ya Bunagana. Nimemupatia maziwa ya njia, siagi, na ile kiti yenu. Amekatala kuiacha. Mama yako tutamuangalia sisi, usisumbuke. Huku sasa tutabakia sisi bazee, na kimya. Ni sawa, mutoto si wa kuweka ndani.

Sasa habari ya Gaju. Amezaa juzi. Nilikuwa nimesimama pale na taa, majirani banangoja inje, pombe iko tayari.

Dume tena.

Batu balicheka, miye pia nilicheka. Gaju anazeeka, sijui kama atabeba mimba ingine. Sijui hata miye kama nitaiona. Nimemuambia Viateur mbele ya bote: nikikufa, hii neno ni yake, na kisha ni ya batoto yake.

Ungali unanidai. Usinifutie.

Nsanzimana